Chambo Kisicho na Haraka

Nisikieni ninyi wawili, na wewe Rondal acha kuzunguka chumba kama mtu aliyepoteza funguo, maana kila ukipita dirishani unanikata mwanga, na mwanga niliobaki nao ni mdogo. Twyla, mwanangu, sogeza kiti. Niinulie huu mto. Si hivyo. Basi, uache. Najua mmeita gari la wagonjwa. Nilikusikia Rondal ukinong'ona na simu kule jikoni, na mwenye nyumba ya mbao nyembamba kama hii hana siri jikoni. Najua pia kwamba barabara imejaa theluji kuanzia kanisani mpaka darajani, kwa hiyo gari hilo linakuja kwa kutambaa, na mimi nina nafasi ya kusema wosia wangu kabla halijafika. La kwanza nalitanguliza, ili pumzi ikikatika liwe limeshatoka: sitaki kwenda. Mmeliita ninyi na ninyi ndio mnaoweza kulirudisha, maana nikisema mimi watadhani mzee ameshaanza kuweweseka. Nataka kufia humu, kwenye kitanda hiki, nikiliona ziwa.

Usiniambie "Baba, usiseme hivyo." Nisemeje, Twyla? Daktari mwenyewe alisema moyo huu umebaki jina. Aliyevua maisha yake yote anajua mshipi unapolegea.

Tuanze na mali, maana habari ya mali ikiachwa mwisho huzaa kesi. Nyumba na kiwanja mpaka kwenye mierezi ni vyenu nyote wawili, msivigawe kwa uzio, na wakija wale matajiri wa Kansas City na tabasamu zao, wanaotaka kujenga majumba ya vioo kando ya maji, wapeni kahawa, kisha wapeni njia. Pikapu ni yako Rondal, breki zake unazijua kuliko mimi. Mashua ni ya Twyla. Usinikunjie uso! Wewe mashuani huwa kama kuku mgeni, hujamaliza kutupa mshipi upande huu umeshautamani upande ule, umewasha mota, umehama, na besi, samaki wetu wa ziwani, wanabaki chini wakiulizana yule alikuwa nani. Dada yako hukaa. Mama yenu alizoea kusema Twyla akiwa mashuani hata shakwe humdhania gogo.

Sasa vyambo. Unacheka? Cheka, Twyla, sijasikia kicheko humu ndani tangu Krismasi. Wengine huacha mashamba, mimi naacha masanduku ya vyambo, na nisipowaambia kipi ni cha nini mtavipanga uani siku ya jua mkaviuza pamoja na sufuria kuukuu.

Ziwa letu la majira ya baridi si lile la kiangazi. Barafu ikianza kushika kingo, maji huwa maangavu hata unaliona jiwe lililolala kina cha watu watatu waliopandana mabegani. Kwenye maji ya tope samaki huuma kwa kusikia: kinapita kitu kina kelele, anakirukia asije akakikosa. Kwenye maji maangavu anakuja kutazama. Anapanda kutoka chini taratibu, anasimama nyuma ya chambo kama mama mkwe anayekagua vyombo, na kwa kuwa baridi imemtoa haraka yote mwilini, hana sababu ya kumkimbilia mtu. Kila kosa lako analiona.

Basi shikeni hili. Maji yakiwa baridi na maangavu, chambo kiwe kidogo kuliko unavyotamani, kiwe kimya, na kiwe na rangi ya kitu kinachoishi humo. Vile vyenye chembe za chuma tumboni, vinavyolia kama kayamba, viacheni sandukuni mpaka mvua za Aprili ziyachafue maji. Siku ya jua kali na maji yaliyolala, chukueni kisamaki cha bandia kile kinachopenywa na mwanga, ambacho ukikiinua unaona kidole chako ng'ambo ya pili. Siku ya mawingu, kile cheupe cha chaki. Upepo ukivunja uso wa maji, hapo chenye kumeta kidogo kinaruhusiwa, kwa sababu mawimbi humnyima samaki nafasi ya kukagua. Mshipi uwe mwembamba, mtupo uwe wa mbali, na mtu asisimame mashuani akatangulia na kivuli chake. Wakiwa wamelala chini kabisa, kando ya jabali, mtaka cha mvunguni sharti ainame: fungeni chambo cha manyoya, kile chenye kichwa cha risasi kama punje ya mahindi na nywele za mkia wa kindi nilizozifunga mwenyewe. Chambo cha mpira hukakamaa kwa baridi, nywele hazikakamai. Hata ukikiacha kimekaa juu ya jiwe, zinapumua zenyewe. Rangi yake iwe kahawia na kijani, rangi ya kamba wa mtoni anayejificha chini ya mawe. Wekundu wa tofali ungojeeni Machi.

Hebu fungua dirisha kidogo. Najua ni baridi, mimi ndiye ninayekufa, fungua! Nataka kusikia kama upepo umegeuka. Bado ni wa kaskazini. Funga. Rondal, hilo si gari, ni theluji inayoporomoka kutoka paani. Usinichungulie barabara kila saa.

Nilikuwa wapi? Februari. Chambo cha mwezi huu, kilichoniletea vile vikombe vya mashindano mlivyovijaza misumari kule bandani, ni vile visamaki virefu vyembamba vya kusimama. Dagaa wa ziwa hili hawaiwezi baridi. Maji yakipoa sana hufa mmoja mmoja, na dagaa anayekufa hakimbii: anatetemeka, anatulia, anatetemeka tena, anatulia zaidi. Besi anakijua kifo hicho kuliko daktari wangu anavyokijua changu. Kwa hiyo unakitupa kisamaki chako mbali, unakivuta mpaka kifike kina chake, unakistua kidogo, kisha unakiacha. Unakiacha! Hapo ndipo wengi hushindwa. Kikizama hata polepole, samaki anageuka. Kikipanda, anageuka. Lazima kisimame pale pale katikati ya maji, na wewe huku juu, pua inachuruzika na mikono imekufa ganzi, unapigana na vidole vyako mwenyewe visiguse.

Na kisamaki hakitoki dukani kikijua kusimama. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila mwaka baridi ikishika, mimi na mama yenu tulijaza pipa la barazani maji ya ziwa lenyewe, si ya bomba, kwa maana maji kadiri yanavyopoa ndivyo yanavyozidi kukibeba kisamaki, na kilichosimama jana kwenye ndoo ya jikoni leo kitakuibukia kama kizibo. Nilizungusha waya wa risasi kwenye shina la ndoano, nikakata kipande kama ukucha, nikaongeza, nikapunguza, naye Neva amevaa koti langu kuukuu juu ya gauni, ameinama juu ya pipa na kikombe cha kahawa mkononi, ananiambia, "Bado, Arlis. Huyu bado ana haraka." Nakitoa, naongeza kidogo. "Bado ana haraka, kama mwanao." Mpaka kinasimama, na yeye ananyamaza, na mimi nikiona mwanamke yule amenyamaza najua kimekubali. Hivyo ndivyo vilivyoundwa vyote, kimoja kimoja, na hakuna duka linaloviuza.

Sasa Rondal, keti, hili ni lako. Keti, nasema! Nilipolazwa kwa ajili ya nyonga, mwaka uliofuata baada ya kumzika mama yako, ulinifungulia sanduku langu, ukaona ndoano zenye kutu zimezongwa waya, ukasema moyoni, masikini Baba, macho yamekwisha, anavulia takataka. Ukakaa siku zako zote za mapumziko na koleo, ukang'oa ndoano zote, ukatupa waya wote, ukaweka ndoano mpya, nyeusi, nene, kali za kumchoma malaika. Niliporudi ukaniwekea sanduku mapajani huku unacheka kama ulivyocheka ulipokuwa na miaka sita. Nikakuambia asante. Ulipoondoka nilivitia pipani. Vingine vilizama kwa kichwa, vingine vilitangulia mkia, kimoja kililala ubavu kama mlevi. Hakuna hata kimoja kilichosimama, na Neva hakuwepo wa kuniambia bado.

Usiinamishe kichwa. Twyla, na wewe usimtazame ndugu yako hivyo. Wema hauozi, na asante yangu ilikuwa ya kweli. Mtoto anayekaa siku mbili nzima akimtengenezea babake ndoano anampenda babake. Nililia pale barazani kwa hasira na kwa kupendwa, na mpaka leo sijui kipi kilizidi. Nisingelitaja mpaka kaburini, lakini nalitaja kwa sababu umefanya vile vile tena, mwanangu. Umeniona nimelala hapa, sili, natetemeka kidogo, natulia, ukasema masikini Baba, huyu anahitaji kitu kipya, ukashika simu. Hujawahi kuona kitu kimetulia usikiguse. Kule watanitia mipira puani na sindano mikononi, watanifunga vitu vizuri vya bei kubwa, na nitazama kwa kichwa. Mimi sasa ndiye dagaa, Rondal. Niacheni nisimame.

Eti nini? Ngoja ngoja huumiza matumbo? Haya, methali unazijua, nilikufundisha mimi. Lakini hiyo ni ya anayengojea chakula. Mimi singojei kitu, mimi nimefika.

Nipe maji. Kidogo tu, nilowanishe ulimi.

Mnafikiri naogopa hospitali kama mzee mshamba. Siogopi hospitali. Mnaikumbuka siku ya mama yenu? Sote watatu tulikubaliana aende, hakuna wa kulaumiwa, na walioteremka na machela walikuwa vijana wa adabu. Wakaniambia, "Mzee, ndani hamna nafasi, tufuate na gari lako." Nikawafuata. Mnazijua kona zile za kushuka bonde, baada ya ghala la mbegu: naziona taa nyekundu mbele yangu, zinapotea, zinatokea, zinapotea. Nilikuwa naongea naye. Naongea na taa! Namwambia Neva, usiogope, niko nyuma yako, nimesahau kufunga mlango wa banda lakini nitaufunga tukirudi. Tulipofika kijana mmoja akavua kofia akaniambia mama amekata roho njiani. Nikamuuliza wapi. Akasema kwenye zile kona, mzee, hajui kona gani. Hajui kona gani! Karibu miaka hamsini nimelala ubavuni mwa mwanamke huyu, na sijui alinitoka kona gani. Kila nikipita njia ile napunguza mwendo penye kila kona, magari yananipigia honi nyuma, wananiita mzee asiyejua kuendesha. Nimechoka nalo, wanangu. Limenichosha kuliko huu moyo. Sitaki na ninyi mje mkapunguze mwendo kona kwa kona kwa ajili yangu.

Msilie. Au lieni, lakini nisikilizeni huku mnalia.

Doyle Lusk, kabla sijasahau. Najua mnamwona pale ng'ambo ya uzio anakata kuni na kujifanya hatazami huku. Alitupa mshipi wake juu ya wangu pale kwenye jabali, akamtoa yule besi niliyekuwa nimembembeleza majira yote ya baridi, na akapata ujasiri wa kuniambia, "Arlis, si alikuwa hana jina lako mgongoni?" Sikumsemesha tena. Hata siku ya msiba, alipokuja na paja la nguruwe la kuokwa kalishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, nilimwacha amesimama kwenye ngazi za baraza mpaka mama mchungaji akampokea. Yule mtu alisimama kwenye mvua kwa ajili ya mke wangu, na mimi nilikuwa nahesabu samaki. Mpelekeeni kile kisamaki cheupe cha chaki, amekitamani tangu tulipokuwa na nywele. Mwambieni Arlis amesema besi yule kweli hakuwa na jina. Atatukana kidogo, mwacheni, ndivyo anavyolia.

Lakini kisipelekwe kama kilivyo. Rondal, pipa ni lako, na waya wa risasi uliobaki kwenye kopo la tumbaku ni wako, na vile visamaki vyote ulivyoviharibu ni vyako. Utavirudisha wewe. Utazunguka bandani, utatukana, utavunja viwili vitatu, halafu siku moja utainama juu ya maji yale na hutasikia haja ya kwenda popote. Mashua anayo dada yako, vyambo unavyo wewe, na hakuna kati yenu atakayekula besi bila mwenzake. Mnaona? Mzee wenu si mjinga, nililifikiria hilo wiki nzima mlipodhani nimelala.

Mtanizika kwa Neva, upande wa kushoto, maana sikio lake la kulia lilikuwa bovu. Tai msinivalishe. Mchungaji asihubiri mrefu, watu watakuwa wamesimama kwenye baridi, na baadaye wapewe maharage na mkate wa mahindi, na kahawa iwe nyeusi ya kweli, si ile ya Twyla. Nisamehe mwanangu, lakini kahawa yako inaona aibu kuitwa kahawa.

Mwanga gani ule ukutani? Twyla. Nyekundu. Ndio wale?

Wamefika basi. Wamefika na mimi bado nina maneno. Rondal, unakwenda wapi? Usiwafungulie kabla... Rondal! Mwache, Twyla, usimshike mkono. Yeye ndiye aliyewaita, yeye ndiye wa kuwaambia. Kama atawaingiza, basi ataingia nao, na mimi sitapigana na watoto wa watu. Nguvu za kupigana ziko wapi? Nitakwenda. Ila wewe panda nyuma pamoja nami, hata wakisema hapana nafasi, kaa sakafuni, na roho ikinitoka angalia nje ujue ni kona gani. Unanisikia? Niahidi.

Nyamaza tusikie. Anasema nini? Masikio yangu yamejaa upepo. Ni yeye anayesema, au ni wale vijana? Amecheka? Hapana, hakucheka. Wanambishia. Mmoja anambishia, nasikia. Sauti ya Rondal inatetemeka, wee, sijapata kuisikia hivyo tangu utoto. Sema mwanangu... anawaambia nini, Twyla, nenda mlangoni. Hapana, usiende. Shika mkono huu. Niambie tu.

Amewaambia wageuzie kwa Doyle, uani kwetu kuna barafu?

Wageuze. Amesema wageuze?

Ndiyo. Naona. Mwanga unasogea ukutani. Unatoka. Ah, mwanangu. Mwanangu yule.

Usimtangulie kwa neno akiingia. Nitawabariki pamoja, sitambariki mmoja mmoja, pumzi haitoshi... Twyla, uso wako nauona vizuri. Unafanana na... basi, unamjua. Mkono wako wa joto.

Njoo. Njoo karibu, una theluji mabegani. Leta kichwa. Na wewe leta chako, hapa, mkono wangu mmoja ufike kwenu wote. Mungu anayelifunika ziwa kwa barafu na kuacha chini mahali pa kuishi... awaachie na ninyi mahali pa kuishi chini ya kila baridi. Awape kuonana usoni. Awape njaa, na cha kula, na wa kula naye. Mlichonifanyia leo... mfanyiwe. Amina. Semeni amina, nisiseme peke yangu.

Vizuri.

Rondal. Vua viatu, mwanangu. Leo hutoki tena.